Unatoka Tanga unataka kuliona Bunge? Anzia Karimjee ndo uende Dodoma

Wagosi na mama zangu, kila ikifika msimu wa bajeti utasikia watu huku kwetu wanachangishana kwenda Dodoma kuona Bunge, mara akina mama wa kikoba, mara wanafunzi, mara madereva bodaboda. Wanafika, wanakaa ukumbini saa moja hivi, wanatangazwa, wanagongewa meza, wanapiga picha nje, jioni basi linarudi. Ni jambo zuri na nalipenda sana, ila watu wanaukosa utamu wake kwa sababu mbili: hawapiti Dar kuona lile Bunge la zamani, ukumbi wa Karimjee, ambako mambo makubwa ya nchi hii yaliamuliwa, na wanaingia ukumbini Dodoma hawajui leo kinazungumzwa nini. Ukirekebisha hayo mawili tu safari inakuwa kitu kingine kabisa. Nakueleza ninavyoona mimi ipangwe vipi, kuanzia hapa stendi ya Kange mpaka kurudi.

Kabla hata ya kuuliza nauli, angalia kalenda. Bunge halikai kila siku. Linakaa kwa mikutano, kwa kawaida mwishoni mwa Januari kuingia Februari, halafu ule mrefu wa bajeti unaoanza Aprili mpaka Juni, halafu Agosti au Septemba, halafu Novemba, na mwaka wa uchaguzi ratiba inabadilika kwa sababu Bunge linavunjwa. Ukienda katikati ya mikutano utakuta jengo na askari, waheshimiwa wako majimboni kwao. Mimi kwa maoni yangu mtu wa mara ya kwanza aende mkutano wa bajeti, lakini sio siku ile Waziri wa Fedha anasoma bajeti kuu mwezi wa sita, maana siku ile wageni ni wengi mno, nafasi ni za kugombania na hotuba ni ndefu ya kusomwa tu, utakaa masaa hakuna anayebishana na mwenzake. Nenda siku ya wizara. Kila wizara ina siku zake, na sisi watu wa Tanga tuna wizara zetu zinazotugusa moja kwa moja: Kilimo kwa ajili ya mkonge, Uchukuzi kwa ajili ya bandari, Mifugo na Uvuvi kwa ndugu zetu wa Mkinga, Pangani na Sahare, Nishati kwa ajili ya lile bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima Uganda na kuishia hapa Chongoleani. Siku ya wizara yako utaelewa kila neno, hata Kiswahili cha kitaalamu hakikupotezi kwa sababu unalijua lile jambo lenyewe kuliko hata anayelisoma.

Na kama unaweza kuipata Alhamisi, hiyo bora zaidi, kwa sababu Alhamisi asubuhi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, pale hakuna aliyeandaliwa jibu la kusoma.

Ukishajua tarehe ndo unaenda kwenye ofisi ya mbunge wako. Nasisitiza hili, maana wengi wanadhani lazima uwe na mtu wa ndani. Hapana. Mkoa wetu una majimbo kuanzia Tanga Mjini, Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe Mjini na Vijijini, Lushoto, Mlalo, Bumbuli, Handeni Mjini na Vijijini mpaka Kilindi, na kila mbunge ana ofisi ya jimbo yenye katibu wake. Huyo katibu ndo mtu wako. Mpelekee barua fupi ya ukurasa mmoja, mseme nyie ni nani, mko wangapi, mnataka kuingia kikao cha tarehe ngapi, chini muweke orodha ya majina kama yalivyo kwenye vitambulisho na namba za NIDA, na namba ya simu ya kiongozi wa msafara. Majina yaandikwe vizuri jamani, yaani kama kitambulisho kinasema Mwanahamisi usiandike Mwanaa kisa ndo tunavyomuita mtaani, getini wanalinganisha herufi kwa herufi. Mkiwa shule au chuo au taasisi, mnaweza pia kuandika moja kwa moja kwa Katibu wa Bunge, S.L.P. 941, Dodoma. Fanyeni mapema, wiki kadhaa kabla, na msiache kufuatilia kwa simu, kwa sababu barua ikikaa mezani bila mtu wa kuikumbushia inazikwa na zingine. Diwani wenu pia anaweza kusaidia kusukuma, ndo kazi yake.

Faida ya kupitia kwa mbunge ni kwamba mnaingia kama wageni wake, mnatangazwa na Kiti, yaani Spika au anayeongoza kikao, mnasimama kwenye jukwaa la wageni, na wabunge wanagonga meza kuwakaribisha. Kwa mama aliyeuza maandazi mwaka mzima ili achangie hiyo safari, kusimama pale na kusikia "karibuni sana" sio kitu kidogo, nimeona watu wazima wanatokwa machozi.

Kitu kingine cha kuomba kwa huyo katibu, na hiki wengi hawakiombi: muulize kama mbunge wenu ana swali lililopangwa wiki hiyo. Maswali ya msingi yanapelekwa kwa maandishi kabla na yanapangiwa siku, kwa hiyo inajulikana. Kama kuna swali la barabara yenu au maji yenu, basi hiyo ndo siku ya kwenda, hata kama mlishapanga nyingine badilisheni.

Mavazi sasa. Kanzu, koti na kofia ni vazi la heshima bungeni, wabunge wenyewe wa pwani na Zanzibar wanalivaa, kwa hiyo mzee wangu usijitese na tai. Mama, buibui au gauni refu na mtandio, umemaliza. Vijana ndo wa kuambiwa: kaptura hapana, jinzi za kuchanika hapana, ndala hapana, fulana zenye maandishi makubwa acheni nyumbani, na sare ya chama chochote isivaliwe maana mnaenda kama wananchi. Mkumbuke hata mbunge mwenyewe havai anavyotaka, mwaka 2021 mbunge mmoja mwanamke alitolewa nje ya ukumbi kwa sababu ya suruali yake, na ilizungumzwa nchi nzima. Afu chukueni sweta. Mtu wa Tanga amezoea joto la bahari, Dodoma mwezi wa sita asubuhi kuna baridi kavu na upepo wa vumbi, midomo inapasuka, kwa hiyo mafuta ya mgando pia yawemo kwenye begi.

Haya, safari yenyewe. Njia ya haraka ni basi la moja kwa moja Tanga mpaka Dodoma kupitia Muheza, Segera, Chalinze na Morogoro. Ni safari ndefu lakini unafika. Mimi nakushauri wakati wa kwenda pitia Dar, wakati wa kurudi ndo upande hilo la moja kwa moja. Unaondoka Kange alfajiri, ni kama kilomita 350 hivi, ukifika Muheza nunua machungwa ya njiani, na mchana uko stendi ya Magufuli pale Mbezi. Mabasi mengine yanakatisha Msata yanapita Bagamoyo, muulize kondakta kabla hujakata tiketi ili mtu anayekupokea asikusubiri upande mwingine. Kutoka Mbezi unafika Kimara unapanda mwendokasi ya Kivukoni, unashuka mjini, Karimjee ni mwendo wa miguu kutoka hapo, jirani na Makumbusho ya Taifa ya mtaa wa Shaaban Robert na ile bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Ukipotea uliza tu "Viwanja vya Karimjee", kila dereva bajaji anapajua kwa sababu ndipo viongozi na watu maarufu wengi wanapoagwa wakifariki. Hata Samuel Sitta aliyekuwa Spika, alipofariki mwaka 2016 mwili wake uliagwa hapo kwanza, ndo ukapelekwa Dodoma bungeni, halafu Urambo kwao. Njia ile ile ninayokuambia uifuate wewe.

Karimjee

Nianze na jina maana lina damu ya Tanga ndani yake. Karimjee Jivanjee ni ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi walioanzia Zanzibar, na huku mkoani kwetu walikuwa na mashamba ya mkonge, wazee wengi waliofanya kazi mkonge wanalijua hilo jina vizuri. Ukoo huo ndio uliotoa ule ukumbi kama zawadi kwa mji wa Dar es Salaam miaka ya 1950. Na mmoja wao, Abdulkarim Karimjee, ndiye alikuwa Spika kuanzia 1956, wakati ule bado ni Baraza la Kutunga Sheria la mkoloni, watu walikuwa wanaliita LEGCO, na akaendelea kuwa Spika mpaka 1962, yaani uhuru ulimkuta yeye kwenye kiti. Baada yake akaja Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule Mkwawa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Na sikilizeni hii watu wa Muheza: mwaka 1973 mpaka 1975 Spika wa nchi hii alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, Mbondei wetu. Watoto wetu wengi wa shule hawalijui hilo, na ndo maana nataka wapitishwe pale.

Sasa jua kwamba Karimjee haikutengenezwa kama makumbusho. Ni ukumbi unaotumika, uko chini ya Jiji, kuna vikao, kuna hafla, kuna siku kuna msiba. Hakuna kibanda cha tiketi wala mtu wa kukutembeza amekaa anakusubiri. Kwa hiyo ukiwa peke yako au wawili, nenda siku ya kazi asubuhi, msalimie askari wa getini kwa adabu, shikamoo yako iwe ya kweli, mwambie umetoka Tanga unaomba kuona ukumbi uliokuwa Bunge, na kama kuna shughuli mle ndani kubali kuona viwanja na jengo kwa nje. Mkiwa kikundi andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Jiji kabla, mseme siku na saa, mkikubaliwa mnaweza hata kukaa kwenye ule ukumbi mkazungumza. Usipige picha kabla hujaruhusiwa. Maeneo yale yako karibu na Ikulu na ofisi za serikali, ukiona askari anakukataza kuelekeza kamera upande fulani, shusha simu tu, usibishane.

Na ukifika pale usipite haraka haraka, kwa sababu jengo lenyewe kwa macho utalimaliza mara moja, kinacholipa uzito ni yaliyosemwa ndani. Mimi nikiwa na vijana nawaambia mambo matatu, nawasimulia tukiwa tumesimama pale pale.

La kwanza ni Oktoba 1959. Nyerere akiwa mjumbe wa LEGCO alisimama akasema wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike mpaka nje ya mipaka, ulete matumaini pasipo na matumaini, upendo palipo na chuki na heshima palipojaa dharau. Kila mtoto wa shule ya msingi ameyaimba maneno hayo kwenye mbio za Mwenge, lakini muulize yalisemwa wapi, atakwambia uwanjani au mlimani. Yalisemwa barazani, mbele ya wajumbe, nchi bado haijawa huru, miaka miwili kabla mwenge wenyewe haujapandishwa mlimani usiku wa uhuru Desemba 1961.

La pili ni Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya uhuru, na hili mimi naliona ndo kubwa kuliko yote. Ulikuwa mjadala wa sheria ya uraia. Wajumbe kadhaa walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu, wengine wasubiri au wasipewe kabisa, na ukifikiria jinsi watu walivyokuwa wamedharauliwa nchini mwao unaelewa hasira yao ilitoka wapi. Nyerere akakataa, akawaambia uraia ni utii kwa nchi sio rangi ya ngozi, na kwamba wakiukataa muswada ule serikali yake inajiuzulu. Muswada ukapita. Fikiria Spika aliyekuwa anaongoza mjadala ule ni nani: Karimjee, mtu wa asili ya Kihindi, amekaa kwenye kiti anasikiliza wajumbe wakibishana kama watu wenye asili kama yake wawe raia au wasiwe, na kazi yake ni kumpa kila mmoja nafasi aseme. Hapa Tanga mjini tumeishi Wasegeju, Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Waarabu, Wahindi, Washirazi mtaa mmoja, tunaazimana chumvi, tunazikana, kwa hiyo mjadala ule ulikuwa unatuhusu sisi labda kuliko mikoa mingi.

La tatu, 25 Aprili 1964. Hati za Muungano zilikuwa zimetiwa saini Zanzibar tarehe 22, na siku hiyo Bunge la Tanganyika likakutana likaziridhia, kesho yake tarehe 26 ikazaliwa Jamhuri ya Muungano. Siku moja. Watu wanabishana mpaka leo kama ilikuwa haraka mno au ndo ilivyobidi, na huo ubishani muuache uendelee hapo hapo viwanjani, vijana wapinzane, mwalimu asiwakatize.

Ukitoka hapo ingia Makumbusho ya Taifa, ni hatua chache. Jengo la zamani lilifunguliwa 1940 enzi za Mwingereza. Kuna mambo ya Olduvai na mengine mengi lakini kwa safari hii nenda kaangalie ile Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana halafu ikatumiwa na Mwalimu, na ile sehemu ya historia ya kudai uhuru. Lala Dar, Kariakoo kuna lodji za kila bei na ni karibu na stesheni ya treni.

Kwenda Dodoma

Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu kule ulikuwa wa 1973, kwa hiyo hesabu mwenyewe lilichelewa kiasi gani, ila kwa kulinganisha na serikali Bunge ndo lilitangulia. Mwanzoni lilikuwa linakaa kwenye ukumbi unaoitwa Msekwa, kwa jina la Pius Msekwa aliyekuwa Spika wakati wa kuhama, na huu ukumbi mkubwa wa mviringo unaouona kwenye tivii ulianza kutumika 2006. Msekwa bado upo ndani ya eneo hilo hilo, unatumika kwa semina na mikutano, muombe anayewatembeza awaonyeshe hata kwa nje.

Kutoka Dar panda treni ya SGR, ile reli ya kisasa. Ilianza kwenda Dodoma Julai 2024, nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000, na ni kama saa nne hivi au pungufu. Tiketi kata mapema mtandaoni, wiki za Bunge zinajaa, na kitambulisho chako uwe nacho mkononi. Fika stesheni mapema maana pale kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege na treni haimsubiri mtu. Kama una wazee au watoto wa shule hii ndo njia yao, haichoshi, kuna choo, na kuanzia Morogoro madirishani kuna milima ya kuangalia.

Lodji ya Dodoma weka oda kabla hujaondoka Tanga. Bunge likikaa mji unajaa, bei zinapanda, mtu aliyefika saa mbili usiku bila oda anaweza kuzunguka na bajaji mpaka achoke. Wanaotaka kuswali jamaa kuna msikiti mkubwa wa Gaddafi, unaonekana kwa mbali, ni mzuri sana na mkiwa kule Ijumaa swalini pale.

Siku yenyewe muwe getini saa moja na nusu asubuhi. Kikao kinaanza saa tatu kamili lakini ukaguzi, kuhakiki majina na kupanga watu jukwaani vinakula muda. Lililo muhimu ni kitambulisho, basi. Mabegi makubwa, visu vya matunda, chupa, vyote viacheni lodji, na simu jipangeni kabisa kwamba mtatengana nazo, kwa hiyo kama mnahitaji kumpigia dereva mpigieni kabla. Mwenye shida ya miguu amwambie askari mapema asione aibu, wamezoea, watamtafutia njia nyepesi. Na nendeni chooni kabla ya kupanda jukwaani, hili nalisema kwa uzito wote.

Ukiwa jukwaani

Spika akiingia wote mnasimama. Mbele yake anatangulia Mpambe wa Bunge amebeba Siwa, ile fimbo kubwa ya mamlaka ya Bunge, inawekwa mezani mbele, na bila hiyo hakuna kikao. Inasomwa dua, halafu mnakaa. Kuanzia hapo nyie ni macho na masikio: hakuna kupiga makofi, hakuna kupunga mkono kumsalimia mbunge wenu, hakuna kunong'ona sauti ya kusikika. Mtakapotangazwa ndo mnasimama, mnainamisha kichwa kidogo, mnakaa.

Sehemu ya kwanza ni maswali. Mbunge anasimama anaomba swali lake namba fulani lijibiwe, naibu waziri anasimama anasema kwa niaba ya waziri naomba kujibu swali la Mheshimiwa fulani, mbunge wa mahali fulani, kama ifuatavyo, anasoma. Hilo jibu limeandikwa na wataalamu wizarani siku nyingi, ni la uangalifu, mara nyingi ni "serikali inaendelea kutafuta fedha". Usikate tamaa hapo. Anayeuliza ana haki ya maswali mawili ya nyongeza, na hayo waziri hayajui kabla, kwa hiyo hapo ndo unasikia ukweli, hapo ndo tarehe inatajwa au haitajwi. Kama ni swali la jimbo lenu toeni kalamu na karatasi muandike neno kwa neno kilichoahidiwa, mwezi gani, shilingi ngapi, kijiji gani.

Baadaye ukija mjadala utasikia watu wanakatizana na mtu asiyejua anadhani ni ugomvi. Kuna utaratibu wake. Mtu akisimama akasema "taarifa" anataka kumuongezea au kumsahihisha anayezungumza, na Spika atamuuliza mzungumzaji kama anaipokea. Akisema "kuhusu utaratibu" anadai kanuni imevunjwa, na hapo anayeongea anakaa chini kwanza. Akiomba "mwongozo" anamtaka Spika aseme jambo fulani linaruhusiwa au haliruhusiwi. Kila mchangiaji ana dakika zake chache, kengele inalia, anamalizia kwa kusema naunga mkono hoja. Wakati wa kuamua Spika anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, anapima kwa sikio.

Sasa ushauri wangu mkubwa wa siku hiyo: msiondoke saa saba. Vikundi karibu vyote vinaondoka mchana kikao kikisitishwa, wanaenda kula wanapanda basi. Kwenye bajeti za wizara, jioni ya siku ya mwisho ya wizara ile Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi, wanapita kifungu kwa kifungu, na pale kwenye mshahara wa waziri mbunge ambaye hajaridhika anaweza kushika shilingi, yaani anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye fungu lile mpaka waziri atoe maelezo ya kueleweka. Shilingi moja haina maana kwa hesabu, lakini waziri anabanwa pale pale, wenzake wanasimama kumuunga mkono mwenye hoja au kumsihi aiachie, na ahadi nyingi za kweli kuhusu barabara na maji zinatoka dakika hizo. Kama mnaweza kulala usiku mmoja zaidi kwa ajili ya hiyo jioni, lalani. Kuleni mchana vizuri, pumzikeni, rudini.

Wakati wa kutoka picha zinapigwa nje mahali mtakapoelekezwa, na mara nyingi mbunge wenu atakuja kuwasalimia. Mwacheni mtu mmoja azungumze kwa niaba yenu, mmeshakubaliana cha kusema, dakika tano. Msimgeuzie kuwa foleni ya kuomba nauli na ada, mkifanya hivyo atawakimbia na lile la maana mlilotoka nalo nyumbani halitasikika.

Kurudi, mabasi yako stendi ya Nanenane, kata tiketi ya moja kwa moja ya Tanga siku moja kabla. Ikikosekana panda linaloenda Dar, shuka Chalinze, hapo magari ya kuelekea Segera na Tanga yanapita mchana wote, ila usifike Chalinze usiku. Zabibu nunua asubuhi ya kuondoka na uziweke juu, sio chini ya mabegi.

Ukishafika nyumbani subiri siku chache halafu ingia tovuti ya Bunge utafute Taarifa Rasmi, ile Hansard, ya tarehe mliyokuwepo. Kila neno lililosemwa limeandikwa, mpaka panapopigwa makofi na panapochekwa, na wageni waliotangazwa wanatajwa pia. Chapisha kurasa za swali lenu na jibu la waziri, linganisha na mlichoandika kwenye karatasi, tengenezeni nakala kadhaa, moja ya mwenyekiti wa mtaa, moja ya diwani, moja ibaki kwenye faili la kikundi, ili mkutano wa hadhara ujao mtu akiuliza barabara imefikia wapi mnasoma tarehe, mnasoma namba ya swali na mnamsomea alichosema waziri.